Mlio wa giaboksi: usikubali ing'olewe kabla hujaiuliza

Mwezi uliopita mke wa mjomba alinipigia simu kutoka Voi. Hakukaa kunijulia hali za watoto mmoja mmoja kama ilivyo desturi yake. "Mwanangu," alisema, "njoo uongee na mjomba wako. Gari linalia, mafundi wamesema giaboksi imekufa, na yeye tangu juzi chakula anakigusa tu."

Pengine msomaji atacheka, mzee mzima kususa ugali kwa sababu ya gari. Basi nieleze. Gari lenyewe ni Mercedes 230E ya 1984, ya ule muundo uliotengenezwa kuanzia mwisho wa 1975 hadi mwanzo wa 1986 na ambao mafundi huuita kwa namba yake ya kiwandani, W123. Zilitoka karibu milioni 2.7, na hapa kwetu bado utaziona, nyingine zikipigwa msasa kwa maonyesho ya magari ya kale, nyingine zikibeba mikungu ya ndizi. Ya mjomba ni ya otomatiki. Aliinunua ikiwa imetumika, alipostaafu ualimu. Mwaka 2009 alianguka kutoka darini akavunjika mguu wa kushoto, na mguu haukurudi sawa. Hauwezi kukanyaga klachi hata mara mbili mfululizo. Lakini kwenye gari la otomatiki mguu wa kushoto hauna kazi, unalala tu sakafuni kama abiria. Kwa hiyo mzee bado hujipeleka sokoni, kanisani na kwa wajukuu Wundanyi bila kumsumbua mtu.

Mafundi wa gereji moja walikuwa wamempa njia mbili. Ya kwanza, giaboksi ing'olewe na iwekwe nyingine iliyotumika, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikifanya kazi, kwa bei inayolingana na karo ya mjukuu wake ya mwaka mzima. Ya pili, iliyo nafuu, waachane na otomatiki kabisa na kumwekea giaboksi ya mkono yenye klachi. Hiyo ya pili ndiyo iliyomwondolea hamu ya kula.

Nilishuka kwa treni Voi siku ya Ijumaa. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kuzika au kutibu?"

"Nimekuja kusikiliza," nikamjibu.

Na kwa kweli kazi yenyewe ni hiyo. Giaboksi ya otomatiki ni sanduku lililofungwa, na mafundi wengi, hata wale hodari wa injini, hawajapata kulifungua hata mara moja. Sisemi ni wezi. Lakini mtu asiyelijua sanduku hilo, akisikia sauti chini ya sakafu, atasema "ni giaboksi", na dawa ya pekee aliyo nayo ni kulitoa zima na kuweka jingine. Ilhali chini ya sakafu hiyo mna vitu vingi vinavyozunguka, na kila kimoja kina mwendo wake. Kingine hufuata injini, kingine hufuata gia iliyoingia, kingine hufuata magurudumu. Ukitaka kujua ni nani anayelia, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha usikilize sauti inafuata nini. Kwa kazi hiyo huhitaji hata spana.

Kwanza tuelewane kilichomo ndani. Wamarekani ndio waliotangulia kuuza kwa wingi gari la otomatiki kamili, Oldsmobile wakiwa na Hydra-Matic kwenye magari yao ya 1940. Mercedes walianza kutumia ya kwao wenyewe mwaka 1961. Mambo ya msingi hayakubadilika sana hadi hizi za W123. Baada ya injini kuna konveta, chungu kikubwa cha chuma kilichojaa oili, ambacho kinachukua nafasi ya klachi. Shingo ya chungu hicho ndiyo inayozungusha pampu ya oili. Kwa hivyo pampu huzunguka wakati wote injini inapozunguka, gari liwe limesimama au linakimbia, na oili inayosukumwa nayo ndiyo damu ya kila kitu: inabana klachi za ndani, inabadilisha gia na inalainisha.

Baada ya pampu ndipo penye gia zenyewe. Hazikupangwa kama zile za giaboksi ya mkono, bali kwa duara: gia moja katikati kama jua, ndogo zikiizunguka kama sayari, na nje yake pete yenye meno kwa ndani. Gari hubadilisha gia kwa kushika sehemu moja ya duara hilo isizunguke, nyingine zikiendelea.

Hapo pana siri ambayo ningependa kila mwenye gari la kale aijue. Katika hizi Mercedes zenye gia nne, gia ya nne ni ya moja kwa moja: mzunguko mmoja wa kuingia, mzunguko mmoja wa kutoka. Ili kupata hivyo, duara lote hufungwa likazunguka kama kitu kimoja. Hebu wafikirie watoto wanaocheza kwa kuzungukana, halafu wote wasimamishwe juu ya sinia moja kubwa, sinia ndilo lizunguke. Hakuna tena anayemsugua mwenzake. Kwa hiyo ikiwa meno ya gia hizo yamelika, utasikia mlio katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, lakini ukiingia ya nne mlio unakatika. Ukiendelea kulia vile vile katika ya nne, basi usikimbilie kuzilaumu gia.

Nilimwambia mjomba asiwashe gari kwanza. Nilitaka anieleze sauti yenyewe kwa maneno yake, maana mwenye gari hulisikia kila siku na mafundi huwa hawamuulizi. Alisema ni "uuuuu" kama mbu mkubwa, kisha kuna "ngurrr" wakati mwendo umekolea. Akaongeza kwamba siku hizi gia zikibadilika gari "linapiga teke".

Nikaona hapa kuna milio miwili. Gerejini ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi kama mmoja.

Tukaanza na oili. Kupima oili ya giaboksi ya otomatiki si kama kupima ya injini, na nimeona watu wengi wakikosea hapa. Ile ya injini hupimwa imezimwa. Hii hupimwa injini ikiwa inanguruma polepole, gari likiwa mahali tambarare, mkono wa gia ukiwa kwenye P, breki ya mkono ikiwa imevutwa, na baada ya kuendesha kama nusu saa ili oili ipate joto. Ikiwa baridi, kijiti kitakuonyesha chini ya alama ya chini kabisa hata kama oili inatosha, nawe utaongeza bure. Kuongeza kupita kiasi ni hatari sawa na kupunguza: gia huichapa oili ikatoka povu, pampu ikavuta povu, na giaboksi nzima ikaanza kulia. Kati ya alama ya chini na ya juu hata nusu lita haifiki. Kijiti kipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Uzi mmoja ukiingia ndani unaweza kukwama kwenye vile vijia vyembamba vya oili, ukazua ugonjwa ambao haukuwapo.

Tulikwenda na gari hadi Maungu na kurudi, tukapima uani. Kijiti kilitoka na oili nchani tu, kidole kizima chini ya alama. Na haikuwa nyekundu tena bali rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana. Nikaidondoshea kwenye karatasi nyeupe ya msalani na kuinusa. Kulikuwa na harufu kidogo ya kuungua, si ile kali ya kuwasha pua. Nikaitazama juani kama ina vumbi linalometameta. Haikuwa nalo. Nikamwona mjomba ananitazama uso kama mgonjwa anavyomtazama daktari anayesoma karatasi ya maabara.

"Bado," nikamwambia.

Sasa kipimo cha pili, gari likiwa limesimama. Weka magogo au mawe kwenye magurudumu, watoto waondoke mbele na nyuma ya gari, na mtu mwenye miguu mizima akalie usukani, si shingo upande dirishani. Kwenye N, ongeza moto wa injini taratibu. Ule mlio wa mbu ulipanda pamoja na injini na kushuka nayo. Kwa hiyo ulifuata injini, haukuwa na haja ya gari kutembea. Hapo washukiwa ni wachache: pampu ya giaboksi, konveta, au vile vitu vinavyozungushwa na mikanda mbele ya injini, yaani alteneta, pampu ya maji na pampu ya usukani. Pampu ya usukani ikikosa oili hulia sawasawa na giaboksi, na najua gari moja lililofunguliwa giaboksi bure kwa ajili yake. Tukaondoa mkanda wake, tukawasha injini kwa nusu dakika tu kwa sababu huwezi kujua ni mkanda gani mwingine utakaolegea. Mlio ulibaki. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaigusisha kwenye chuma cha mbele cha giaboksi na mpini nikauweka sikioni. Ulikuwa hapo.

Kisha mguu ukiwa umekandamiza breki kwa nguvu, ingiza D. Jambo hili linawachanganya wengi, lakini ni rahisi. Gari likisimama kwenye D, magurudumu hayazunguki, na gia zote ndani ya sanduku husimama pia. Kinachoendelea kuzunguka ni pampu na upande wa mbele wa konveta peke yake. Kwa hiyo mlio ukinyamaza mara unapoingiza D, mlalamikaji yuko upande wa gia au beringi zake. Ukiendelea, mlalamikaji ni pampu au kitu cha injini. Na kama kwenye N palikuwa kimya na mlio unaanza kwenye D tu, itazame konveta, maana kwenye N pande zake mbili huenda pamoja na kwenye D upande mmoja umezuiwa. Usikanyage mafuta katika kipimo hiki zaidi ya sekunde 5. Oili ndani ya konveta huchemka upesi sana, na ukitaka kurudia, rudi N kwanza ukaipe nafasi ya kupoa.

Mlio wa gari la mjomba uliendelea kwenye N na kwenye D bila kubadilika. Basi ilikuwa pampu. Sikusema imekufa. Pampu inayokosa oili hulia, kama mtoto anavyofyonza soda kwa mrija chupa inapokaribia kwisha. Mrija ni mzima, soda ndiyo haipo.

Lakini soda ilikwenda wapi? Tulilala chini ya gari na tochi. Sampu ilikuwa kavu, mabomba ya kupeleka oili kwenye rejeta makavu, sakafu ya gereji ya mzee safi kama jikoni. Mafundi walikuwa wamesema "imekula oili". Giaboksi haili oili. Injini ndiyo inayoweza kuila, na hapo ndipo nilipokumbuka lile teke.

Ubavuni mwa giaboksi hizi kuna kikopo kidogo kinachoitwa modulata. Ndani yake mna ngozi nyembamba ya mpira. Upande mmoja unavutwa na injini kwa kibomba chembamba cha hewa, na kwa mvuto huo giaboksi hujua kama umekanyaga sana au kidogo, ikaamua gia iingie kwa ulaini au kwa nguvu. Ngozi ikipasuka mambo mawili hutokea kwa pamoja. Mvuto unapotea, giaboksi ikadhani kila mara umekanyaga hadi mwisho, na gia zikaingia kwa teke. Na kupitia tundu hilo hilo injini hufyonza oili ya giaboksi kidogo kidogo na kuichoma, moshi ukitoka nyuma. Nilimuuliza mjomba kuhusu moshi. Akanyamaza kidogo. "Asubuhi," akasema, "mke wangu hulalamika kuhusu nguo zake kwenye kamba."

Nikachomoa kile kibomba cha hewa kwenye modulata. Kinatakiwa kuwa kikavu kabisa ndani. Kilidondosha matone mawili ya oili kwenye kiganja changu. Mjomba alikitazama kiganja, akainuka bila kusema neno, akaenda jikoni. Baadaye mkewe aliniambia alikwenda kuuliza kama kulikuwa na chakula kilichobaki.

Ila kazi haikuwa imekwisha, maana ile "ngurrr" haikuwa imeelezwa. Jumamosi asubuhi, baada ya kuongeza oili ili tusiiumize pampu, tulichukua barabara ya Mwatate. Ni nzuri kwa kazi hii: kutoka Voi pana vipande virefu vilivyonyooka, halafu ukikata kwenda Wundanyi unapanda kona kwa kona na giaboksi haina pa kujificha. Redio tulizima, madirisha tukafunga, na mke wa mjomba akakaa kiti cha nyuma kwa sababu masikio yake ni mazuri kuliko yetu.

Mlimani, kwenye gia za chini na injini ikivuta kwa nguvu, hapakuwa na mlio wowote wa meno. Hapo ndipo gia mbovu zingejitangaza. Kwenye tambarare, kilomita 70 kwa saa, gia ya nne, ngurumo ikaja. Nikasogeza mkono wa gia kutoka D hadi 3. Injini ikapanda, ngurumo ikabaki vile vile. Nikarudisha D, hakuna tofauti. Kisha, barabara ikiwa tupu, nikaweka N kwa muda mfupi nikaliacha gari litiririke, injini ikiwa hai. Usizime injini kamwe katika kipimo hiki, kwa kuwa usukani utakuwa mzito na breki zitapungua nguvu. Ngurumo ikaendelea, ikipungua pamoja na mwendo wa gari. Haikujali injini wala haikujali gia. Ilifuata magurudumu peke yake.

Kwa hiyo ilikuwa nyuma ya giaboksi: shafti ndefu, difu, au beringi za magurudumu. Beringi ya gurudumu kwa kawaida hubadilisha sauti ukiyumbisha gari kidogo kushoto na kulia, uzito unapohamia upande mmoja. Hii haikubadilika. Difu hulia tofauti unapokanyaga mafuta na unapoachia. Hii haikujali. "Inatokea hapa katikati, chini ya miguu yangu," alisema mke wa mjomba, na alikuwa amepata. Shafti ya W123 ina vipande viwili, na katikati hushikiliwa na beringi iliyokaa ndani ya mpira. Tulipoinua gari uani, tukalitegemeza kwa stendi imara, si kwa jeki pekee, niliishika shafti kwa mkono nikaitikisa. Mpira ulikuwa umechanika nusu yake, na beringi ilikwaruza kama mchanga kwenye sufuria. Moja ya zile sahani za mpira zinazounganisha shafti nayo ilikuwa na nyufa. Sahani hizo zikilegea ndizo husababisha ile "ko!" unayoisikia ukiingiza R, na watu hudhani ni giaboksi.

Spea nilizitafuta Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wazima bado wanaiita Grogan. Modulata mpya, filta na gasketi ya sampu, beringi ya katikati na mpira wake, sahani mbili. Oili ilikuwa na kisa chake. Muuzaji alinipa kopo zuri la kung'aa la oili ya CVT akiniapia kwamba "otomatiki ni otomatiki". Si kweli. Hiyo ni ya magari ya kisasa yenye mkanda badala ya gia. Hizi za kale zinataka oili ambayo kopo lake linasema wazi kwamba inafaa mahali pa Dexron II au III. Nikarudisha kopo. Mzigo ukateremka kwa basi.

Alipofungua sampu fundi mmoja jirani, kijana mpole asiyependa maneno mengi, tulikuta tope jembamba la kijivu chini. Tope hilo ni la kawaida, ni unga wa klachi zinazolika polepole kwa miaka. Tulichokuwa tunakiogopa ni vipande: ukikuta vijiti vya chuma vinavyoweza kukuchoma kidole, au makombo ya shaba, basi funga na uanze kutafuta pesa. Filta ilikuwa imeziba hata mwanga haupiti. Konveta ya hizi Mercedes ina bolti yake ya kumwagia oili. Unazungusha injini kwa mkono hadi bolti ionekane kwenye tundu la chini. Wengi huiruka, wakaacha karibu nusu ya oili chafu ndani na kuchanganya na mpya. Tuliweka lita 4 kwanza, tukawasha, kisha tukaongeza kidogo kidogo huku tukipima, na mwisho tena ikiwa moto.

Teke lilikwisha siku hiyo hiyo. Ngurumo ilikwisha. Moshi uliendelea kwa siku mbili tatu hadi oili iliyobaki kwenye njia za hewa ilipoungua, nayo nguo zikapona. Gharama yote, pamoja na ujira wa kijana na nauli ya mzigo, haikufika robo ya ile karo.

Mlio wa pampu haukuondoka wote, na sitawaficha. Asubuhi, oili ikiwa baridi, unasikika kwa mbali kwa dakika chache, kisha unafifia. Imefanya kazi na njaa kwa miezi, lazima imelika kidogo. Nilimwambia mjomba ukweli huo. Inaweza kwenda miaka, inaweza kuhitaji kufunguliwa, lakini kwa mpango wake mwenyewe na si kwa hofu ya mtu mwingine. Kila mwezi apime oili, na siku mlio utakapoacha kupoa na joto, anipigie.

Na kwa wale ambao tayari wanachukua kalamu kuniandikia kwamba wao giaboksi zao zilikufa kweli: naam, hufa. Rafiki yangu wa Nakuru alikuwa na gari la umri huo huo lililolia kwenye gia tatu za kwanza na kunyamaza kimya kwenye ya nne, na oili yake juani ilimeta kama samaki. Nilimwambia asimame. Akaona kwa kuwa gia ya nne ni nzuri anaweza kulitumia kwa safari ndefu. Wiki ya tatu gari lilikataa kurudi nyuma, akiwa ameliegesha pua kwenye ukuta wa benki, na likasukumwa na askari wawili na muuza njugu. Hilo lilihitaji kufunguliwa, na lingefunguliwa mapema meno yaliyokatika yasingekwenda kuharibu pampu.

Jumapili iliyopita, kabla ya kanisa, simu yangu ililia. Ilikuwa mjomba. Hakusema lolote, nilichosikia ni injini tu na mlango ukifunguliwa. Baadaye nikagundua ameishikilia simu chini karibu na sakafu ya gari.

"Umesikia?" aliuliza. "Ni ule wa zamani, au ni mpya?"

Nikamwambia aingize D, mguu kwenye breki, airudishe simu pale pale.